OK: herufi mbili zilizozaliwa gazetini

Oktoba 1790, katika mahakama ya Sumner huko Tennessee, Marekani, wakili kijana aitwaye Andrew Jackson alithibitisha hati ya mauzo. Muuzaji alikuwa Hugh McGary, mnunuzi Gasper Mansker. Kilichouzwa kilikuwa mtu: mwanamume Mweusi, mtumwa, ambaye karani wa mahakama hakuona haja hata ya kumtaja jina. Baada ya kueleza mauzo hayo, karani aliweka herufi mbili kuonyesha kwamba shughuli imekamilika.

Mwaka 1859 mwanahistoria wa Tennessee, Albigence Waldo Putnam, alizisoma herufi zile kuwa O.K. Ugunduzi huo ulipokewa kwa furaha, kwani Jackson alikuwa amekwisha kuwa rais wa saba wa nchi yake, na neno OK lilikuwa limeenea bila mtu kujua lilikotoka. Kwa miongo mingi hati ile ilitajwa kuwa ushahidi wa kale kuliko wote. Walipokuja watu waliozoea mwandiko wa makarani wa zama zile wakaikagua upya, wakakuta herufi ya pili si K. Ni R. Karani aliandika O.R., kifupi cha maneno yaliyotumika kila siku mahakamani kumaanisha kwamba hati imeamriwa iingizwe kwenye kumbukumbu.

Nimeanza na hati hii kwa sababu inaonyesha jinsi neno dogo linavyoweza kuwapoteza wasomi wakubwa. Inanigusa kwa jingine pia. Mabishano yote niliyoyasoma kuhusu karatasi ile yanahusu mkia wa herufi. Mtu aliyeuzwa anapitwa kama alama ya nukta. Historia ya OK itatukutanisha naye tena, kwa njia ya watu wa rangi yake, kabla hatujafika mbali.

Kwanza tulitazame neno lenyewe, maana wengi wetu tunalitumia bila kuhisi lilivyo na sura nyingi. Kwa Kiingereza, daktari akisema mgonjwa yuko OK, ndugu wanashukuru Mungu. Rafiki akiulizwa filamu ilikuwaje akajibu ilikuwa OK, anakuonya usitupe hela yako ya tiketi. Mkurugenzi "akitoa OK", mradi unaanza. Hapo limekuwa jina la kitu. "Akiu-OK" mradi, limekuwa kitenzi. Mwalimu akiingia darasani kwenye kelele akasema "OK!" kwa sauti ya juu, hajakubali chochote, anataka watu wanyamaze. Likiwekwa mwisho wa sentensi na sauti ikapandishwa, linauliza: tumeelewana? Likivutwa polepole na sauti ikashushwa, linasema: nimekusikia ila sikuamini. Na kijana akiandikiwa na mchumba wake herufi ya K peke yake kwenye simu, ajue kuna kesi inamsubiri.

Sisi tuna "haya", ambayo inafanya kazi nyingi za namna hiyo: haya ya kuondokea safari, haya ya kukubali shingo upande, haya ya mama anayemwachia mtoto mkaidi ajionee mwenyewe. Lakini "haya" haijavuka mipaka ya lugha yetu. OK imevuka karibu mipaka yote. Dar es Salaam watu husema "oke", Nairobi rafiki humuuliza mwenzake "uko okei?", na Mjapani, Mbrazili na Mturuki nao wanayo, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao.

Neno lililoenea hivyo halikosi watu wa kulidai. Wagiriki husema limetokana na "ola kala", yaani mambo yote mazuri. Wafini wana "oikea", maana yake sahihi. Wapo wanaolipeleka Haiti, kwenye bandari ya Les Cayes iliyosifika kwa ramu nzuri, wakisema mabaharia waliokunywa pombe iliyotoka "aux Cayes" walilifanya jina hilo kuwa sifa ya kila kilicho bora. Wengine husimulia habari za karani wa reli, Obadiah Kelly, aliyekuwa akitia herufi za kwanza za jina lake kwenye mizigo aliyoikagua. Wengine humtaja Orrin Kendall, mwoka biskuti za askari wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Na ipo ile ya makamanda walioandika sufuri na K ubaoni jioni isiyokuwa na askari hata mmoja aliyeuawa.

Simulizi hizi ni tamu, na nyingi zinaangushwa na swali moja tu: lini? Vita vile vilianza 1861. Neno lilikuwa limechapishwa gazetini miaka 22 kabla. Biskuti zilichelewa, na ubao wa makamanda pia.

Dai la Wachoctaw, taifa la wenyeji asilia wa Marekani, linahitaji heshima zaidi. Rais Woodrow Wilson, aliyetawala kuanzia 1913 hadi 1921, alikuwa akiidhinisha nyaraka kwa kuandika "okeh", akieleza kwamba neno hilo ni la Kichoctaw na hiyo ndiyo tahajia yake halali. Lugha hiyo kweli ina tamko linalofanana, la kusisitiza kwamba jambo ndivyo lilivyo. Wachoctaw waliishi kusini mashariki mwa Marekani mpaka miaka ya 1830, wengi wao walipong'olewa kwenye ardhi yao na kusukumwa magharibi kwa nguvu chini ya sheria ya mwaka 1830, iliyotiwa saini na Rais Andrew Jackson, yuleyule wakili wa Sumner. Kwamba taifa lililonyang'anywa karibu kila kitu liwe ndilo lililoipa dunia neno lake mashuhuri, mtu yeyote mwenye moyo angependa iwe hivyo. Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kuonyesha njia neno lilipopita kutoka kwa Wachoctaw hadi Boston, na Boston ndiko lilikoonekana kwanza.

Aliyethibitisha hilo ni Allen Walker Read, mzaliwa wa Minnesota mwaka 1906, aliyefundisha Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa miaka karibu thelathini. Read hakuwa mtu wa kuridhika na masimulizi. Njia yake ilikuwa ngumu na ya kuchosha: kukaa maktabani na kupekua magazeti ya kale, ukurasa kwa ukurasa, safu kwa safu, wakati hakuna kompyuta ya kumtafutia neno. Mwaka 1941 alichapisha sehemu ya kwanza ya aliyoyapata, iliyohusu uchaguzi wa 1840. Halafu akarudi maktabani. Mwaka 1963 na 1964, katika jarida la American Speech, alitoa mfululizo wa makala zilizofunga mjadala kwa wataalamu wengi. Alifariki 2002 akiwa na umri wa miaka 96. Kwa maoni yangu ni mmoja wa watafiti wakubwa wa lugha wa karne ya 20, na jina lake linastahili kujulikana kuliko linavyojulikana.

Alichokikuta ni hiki. Jumamosi ya tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post lilitoa, ukurasa wa pili, habari fupi iliyojaa utani. Mhariri wake, Charles Gordon Greene, alikuwa akijibizana na mhariri wa gazeti la Providence, mji wa jirani. Ubishi wenyewe ulihusu chama kimoja cha Boston kilichojiita chama cha kupinga kengele. Jina hilo lilikuwa mzaha pia: baraza la mji lilikuwa limepiga marufuku kugonga kengele za kuita watu kwenye chakula, na wanachama walikuwa wakiishambulia sheria hiyo kwa kejeli. Greene aliandika kwamba ujumbe wa chama hicho ukipita Providence, mhariri wa huko angefurahi kuona vizibo vya chupa vikiruka, na mambo yangekuwa "o.k." Na papo hapo, ili msomaji asipotee, akaweka maelezo: "all correct", yaani yote sahihi.

Mtu anayejua herufi atauliza mara moja: "all" inaanza na A na "correct" inaanza na C, sasa O na K zimetoka wapi? Hapo ndipo utani ulipo. Kuanzia 1838 vijana wa Boston na wahariri wao walikuwa wameshikwa na homa ya vifupisho, na ladha ilizidi kama kifupisho kilitokana na tahajia iliyokosewa kwa makusudi, kana kwamba mwandishi ni mtu asiyekwenda shule. "All right" iliandikwa "oll wright", ikafupishwa O.W. "No use", yaani haina faida, iligeuzwa "know yuse", ikawa K.Y. "All correct" ikawa "oll korrect", na kifupi chake O.K. Kijana wetu anayeandika "xaxa" badala ya sasa, au "vp" badala ya vipi, anajua fika tahajia sahihi, anafurahia kuikunja. Greene na wenzake walifanya hivyohivyo kwa wino wa uchapaji.

Ushahidi wa Read una nguvu kwa sababu hauko peke yake. Kama angepata herufi mbili tu kwenye ukurasa mmoja, tungesema labda ni bahati. Alipata ukoo mzima. O.W. ilitangulia, K.Y. na nyingine zikafuata, zote katika magazeti ya miaka ileile na kwa utani uleule, halafu OK ikatoka Boston kwenda New York na miji mingine, tarehe kwa tarehe. Na mara nyingi maelezo yamewekwa pembeni mwake, jambo linaloonyesha kwamba wahariri walijua wasomaji wao hawajaizoea.

Ndugu zake wote wamekufa. Hakuna leo anayesema O.W. wala K.Y. Kwa kawaida OK nayo ingezikwa pamoja nao kufikia 1841. Iliokolewa na siasa.

Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa akigombea kipindi cha pili, na hali yake ilikuwa mbaya. Uchumi ulikuwa umeanguka mwaka 1837, miezi michache tu baada ya yeye kuapishwa, na wananchi walimbebesha lawama. Alizaliwa Kinderhook, mji mdogo wa wahamiaji wa Kiholanzi katika jimbo la New York. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kiholanzi, na Kiingereza alijifunza baadaye. Wafuasi wake walimpa jina la utani la Old Kinderhook, mzee wa Kinderhook. Machi 1840 wanachama wa chama chake cha Democratic mjini New York wakaanzisha O.K. Club. Jina hilo lilipiga ndege wawili: mzee wetu ni O.K., na mambo yake yote ni o.k. Vijana wa klabu hiyo hawakuishia kuimba. Tarehe 27 Machi walivamia mkutano wa wapinzani wao wa chama cha Whig katika ukumbi wa Masonic, wakipiga kelele za herufi zao mbili, na ngumi zikatembea.

Wapinzani nao walizichukua herufi zilezile wakazigeuza silaha. O.K., walisema, maana yake ameishiwa fedha. Maana yake ameishiwa heshima. Maana yake arudi kwao Kinderhook. Kila maneno mawili yaliyoweza kulazimishwa kuanza na O na K yalichapishwa. Ila kombora lililodumu kuliko yote lilirushwa na New York Herald la James Gordon Bennett mwishoni mwa mwezi huo. Gazeti hilo lilidai kwamba OK ilianzishwa na Andrew Jackson, aliyemtangulia Van Buren madarakani. Jackson, lilisema, hakujua kuandika vizuri, na kila alipokubali waraka aliandika kifupi cha "ole kurrek". Huo ulikuwa uzushi mtupu wa kampeni, wa kumdhalilisha Jackson na kumchafua mrithi wake kwa pamoja.

Sasa turudi kidogo kwa Putnam na hati ya mtumwa. Miaka 19 baada ya kampeni ile, Putnam anashika karatasi yenye jina la Andrew Jackson, anaona O ikifuatwa na herufi yenye mkia, naye amesikia kama kila Mmarekani kwamba Jackson alikuwa akiandika OK. Alisoma alichokuwa amekwisha kuambiwa. Uzushi wa gazeti la New York uliingia mpaka kwenye nyaraka za mahakama ya Tennessee, na ukatoka huko ukiwa umevaa joho la historia. Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha kisa kizima: uongo wenye mhusika mashuhuri unapenya mahali ambapo ukweli usio na jina haupenyi.

Van Buren alishindwa vibaya, kura 60 za wajumbe dhidi ya 234 za William Henry Harrison. Lakini kwa miezi kadhaa nchi nzima ilikuwa imezisoma, imeziimba na kuzipigania herufi mbili, na hazikuweza tena kusahaulika.

Kazi ya kuzifanya za kawaida ilifanywa na telegrafu. Mei 1844 Samuel Morse alituma ujumbe wake maarufu kutoka Washington hadi Baltimore, na kufikia miaka ya 1860 nyaya zilikuwa zimetanda nchini. Mpokeaji alihitaji njia fupi ya kumjulisha mtumaji kwamba ujumbe umefika wote salama. OK ilifaa: herufi mbili, haifanani na neno jingine, haichukui muda. Ofisi ya kupokea ilipojibu OK, ndipo ujumbe ulipohesabiwa umefika. Makarani wa reli, waliotegemea telegrafu kuongoza treni zisigongane, waliitumia pia. Hapo mzaha ukafa. Ukimwambia mwelekezaji wa treni OK kwa utani, watu wangekufa. Kufikia 1881, zizi la farasi katika mji wa Tombstone, Arizona, lilikuwa na jina la O.K. Corral, na Oktoba mwaka huo mapigano ya risasi ya nusu dakika karibu na lango lake la nyuma yaliliingiza jina hilo kwenye masimulizi ya magharibi ya Marekani, na baadaye kwenye sinema.

Hili la mzaha kufa linaeleza kwa nini neno lina maana nyingi leo. Kwenye waya, OK haikusema kwamba habari ni njema. Mtu angeweza kutumiwa taarifa ya msiba, na karani akajibu OK. Ilisema tu: imefika, hakuna kasoro, tuendelee. Haina furaha wala huzuni ndani yake. Ndiyo maana inaweza kuidhinisha mradi wa mabilioni bila kuusifu, na ndiyo maana chakula kilichopikwa "OK" kinamuumiza mpishi. Neno linalosema hakuna kosa halijasema kuna uzuri. Kiswahili chetu kinalijua hilo vizuri: mwenyeji akiuliza chakula kikoje na mgeni akajibu "si kibaya", jikoni wanatazamana.

Karne ya 20 iliongeza mengine. Mwaka 1918 Otto K. E. Heinemann alianzisha kampuni ya santuri na kuiita OKeh, akicheza na herufi za jina lake. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa, mwaka 1920, santuri ya mwimbaji Mweusi Mamie Smith, "Crazy Blues". Iliuzwa mno, ikawaonyesha wafanyabiashara waliokuwa wakiwapuuza wanamuziki Weusi kwamba wasikilizaji wao wapo na wana fedha za kununua. Louis Armstrong naye alirekodi kwa OKeh kazi zilizobadilisha jazi katika nusu ya pili ya muongo huo.

Na hapo tunafika Afrika.

Kufikia 1971, David Dalby, mtaalamu wa lugha za Afrika Magharibi katika chuo cha SOAS, London, alikuwa ametoa hoja kwamba OK ina asili ya Kiafrika. Kwa Kiwolofu cha Senegali na Gambia, "waw" ni ndiyo, na "kay" ni tamko la kutia mkazo; "waw kay" ni kama kusema ndiyo kabisa. Alitaja pia tamko linalokaribiana nalo katika lugha za Kimandinka. Watumwa wengi waliovushwa Atlantiki walitoka maeneo hayo. Na ipo taarifa ya msafiri Mwingereza, J. F. D. Smyth, iliyochapishwa 1784, ambamo mtumwa mmoja anaanza sentensi yake kwa "Kay".

Nakiri wazi kwamba nataka Dalby awe sahihi. Ningependa sana neno linalotamkwa kuliko mengi duniani liwe limetoka midomoni mwa watu walionyimwa hata majina yao kwenye hati za mauzo. Na hoja ya Dalby ina jambo zito ambalo waliompinga hawakulijibu vya kutosha: majimbo kadhaa ya kusini yalikataza kwa sheria kuwafundisha watumwa kusoma na kuandika. Usemi wao uliingia kwenye maandishi kupitia mikono ya watu wengine tu, mara nyingi kwa dhihaka. Ukimya wa magazeti kuhusu maneno yao haumaanishi kwamba maneno hayakuwepo.

Hata hivyo siwezi kumfuata. Kati ya "Kay" ya 1784 na "o.k." ya 1839 kuna miaka 55 bila daraja. Neno halikuibuka mashambani kusini. Liliibuka Boston, likiwa na vituo vya vifupisho baada ya kila herufi, likiwa na maelezo yake mkononi, likiwa na ndugu zake wanaofanana nalo sura. Inawezekana "waw kay" ilikuwa hai midomoni mwa watu Weusi wakati huohuo, na pengine iliisaidia OK kupokewa kirahisi. Lakini "inawezekana" si sawa na "imethibitishwa".

Tena mchango wa Waafrika hauhitaji kusaidiwa kwa kubahatisha, kwa sababu upo uliothibitishwa. Lorenzo Dow Turner, msomi Mweusi wa Marekani, alikwenda katika miaka ya 1930 kwenye visiwa na pwani za South Carolina na Georgia, akakaa na Wagullah, wazao wa watumwa, akirekodi sauti zao. Alijifunza lugha za Afrika ili aweze kulinganisha neno kwa neno. Kitabu chake cha mwaka 1949, Africanisms in the Gullah Dialect, kilionyesha maelfu ya majina na maneno yaliyotoka Afrika, wakati wasomi wenzake walidai Wagullah walikuwa wakiharibu Kiingereza tu. "Goober", jina la karanga linalotumika kusini mwa Marekani, ni "nguba" ya Kikongo. "Gumbo", mchuzi mzito wa Louisiana, una jina la bamia kutoka lugha za Kibantu, ndugu za Kiswahili. Hayo hayana shaka, na yamepatikana kwa jasho lilelile alilolitoa Read maktabani.

Uzushi wa magazeti haukuisha na Bennett. Mei 1961 Alan Shepard alipokuwa Mmarekani wa kwanza kwenda angani, msemaji wa NASA, John Powers, aliwaambia waandishi kwamba Shepard amesema mambo ni "A-OK". Dunia ikaishika. Katika maandishi ya mazungumzo ya safari ile neno hilo halimo kinywani mwa Shepard. Kilicho kwenye kumbukumbu bila ubishi ni cha Julai 1969: chombo cha Apollo 11 kilipogusa mwezi, Neil Armstrong akasema injini imezimwa, na Buzz Aldrin akajibu "Okay" kabla ya kuendelea na orodha yake ya hatua. Kile kilichoanza kama utani wa kengele za chakula kilikuwa miongoni mwa maneno ya kwanza kutamkwa na binadamu kwenye mwezi.

Kompyuta nazo zina kisa chao, na nakipenda kwa udogo wake. Mwaka 1981, kampuni ya Apple ilipokuwa ikiunda mashine ya Lisa, wabunifu waliona OK ni lugha ya mtaani mno kuwekwa kwenye kitufe cha kukubali. Wakachagua "Do It", yaani fanya. Walipowaita watu wa kawaida kujaribu mashine hiyo, mmoja wao alizidi kununa, kila mara akikikwepa kitufe hicho. Mwishowe akauliza kwa hasira kwa nini kompyuta inamtukana. Nafasi kati ya maneno mawili ilikuwa finyu, na I kubwa ilifanana na l ndogo, hivyo alikuwa akisoma "dolt", yaani mpumbavu. Kitufe kikabadilishwa kuwa OK. Andy Hertzfeld, mmoja wa wahandisi wa Apple wa enzi hizo, ndiye aliyekihifadhi kisa hiki. Tangu wakati huo mamilioni ya watu wasiojua Kiingereza wamelijua neno hili kwa kidole kabla ya kulijua kwa mdomo, na wamelibonyeza hata pale ambapo habari iliyo kwenye kioo ni kwamba kazi yao yote imepotea.

Alama ya mkono, kidole gumba na cha shahada vikifanya duara, ni ya kuchunga zaidi. Ufaransa inaweza kumaanisha sufuri, kitu kisicho na thamani. Brazili ni tusi. Mwaka 2017 kundi la wachokozi mtandaoni lilianza kuieneza kama ishara ya ubaguzi wa rangi, kwa mzaha, na wabaguzi wa kweli wakaishika. Mwaka 2019 shirika la Anti-Defamation League likaiingiza kwenye orodha yake ya alama za chuki. Chini ya maji hakuna mjadala huo. Wazamiaji wa Mafia, Pemba na kwingineko duniani huitumia kama swali na jibu, kwa sababu kidole gumba kikisimama peke yake huko kinamaanisha "napanda juu".

Tukirudi nyumbani, tunayo maneno yanayosubiri Read wao. Inasimuliwa kwamba daladala ziliitwa hivyo kwa sababu nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu iliyoitwa dala. Inasimuliwa kwamba matatu zilipata jina kwa sababu ya sarafu tatu za senti kumi-kumi. Nayaamini masimulizi yote mawili; wazee walioyasimulia walipanda magari hayo. Lakini ningependa kuona ukurasa. Magazeti ya Kiswahili yamekuwapo tangu karne ya 19: Msimulizi lilianza Zanzibar 1888, Mambo Leo lilianza Tanganyika 1923, na mengi yamefuata. Daladala ni ya juzi, ya miaka ambayo wazee wetu bado wanaikumbuka. Mwenye gazeti, barua, tiketi au daftari la hesabu la miaka ile lenye neno hilo na tarehe yake, asiwape wauza maandazi wafungie. Alipige picha, aandike limetoka wapi, alipeleke kwenye maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu naye.